Bisibisi ya mgongo wa mjomba



Nimekuwa kimya hapa karibu mwezi mzima. Wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika, mmoja akaniuliza kama nimeoa. Sijaacha, wala sijaoa. Nilikuwa natafuta bisibisi.

Msicheke. Nazungumzia bisibisi ya kufungulia skrubu nne zilizo mgongoni mwa mjomba wangu. Ni mkulima na mfugaji wa upande wa Basotu, wilaya ya Hanang, na ndiye aliyeuza dume la kulimia ili mimi nianze chuo kikuu. Kwa hiyo habari hii siiandiki kama mwandishi wa gazeti. Gazetini ningepewa maneno 400 na mhariri angeniuliza waziri amesema nini.

Tuanze mwanzo.

Agosti 2019 nilikuwa nimemaliza mitihani ya mwaka wa tatu, niko nyumbani Dongobesh, wilaya ya Mbulu, nasubiri matokeo na sina kazi yoyote zaidi ya kula. Ni kiangazi, majani yameisha, na kwetu wakati huo watu hupanda miti kukata matawi mabichi ya kulishia ndama na mbuzi. Mjomba alipanda mti aliokuwa akiupanda kila mwaka. Tawi likakatika kabla hajalikata. Akatua kwa makalio, ameketi, kama mtu aliyewekwa kwenye kigoda kwa nguvu.

Simu ilipigwa, tukaenda. Tulimkuta amelala chini ya mti uleule, anaongea vizuri, anatoa maagizo kuhusu ng'ombe. Ila miguu ilikuwa mizito. Anahisi ukimgusa, lakini akiiambia inyanyuke haimsikii sawasawa.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana nimelibeba miaka yote hii. Gari lililopatikana ni Noah. Mtu mzima halali kwenye Noah iliyojaa viti, kwa hiyo tulimnyanyua wanne, mmoja kila kiungo, tukamkunja kwenye kiti cha nyuma, amekaa, na tukaenda hivyo kwenye barabara ya vumbi na makorongo. Mimi nilikuwa nimemshika bega. Nilidhani namsaidia. Hospitali ya kwanza, tabibu alipoona picha ya eksirei aliuliza swali moja tu: "Mlimbeba vipi?" Hakuna aliyejibu. Na mimi ndiye niliyekuwa msomi pale.

Pingili iliyovunjika ilikuwa ya kwanza ya kiunoni. Kwa wale waliosahau baiolojia: shingoni tuna pingili 7, kifuani 12, kiunoni 5, halafu zile zilizoungana chini hadi mkiani. Za kifuani zimeshikwa na mbavu, hazichezi sana. Za kiunoni zinacheza. Pale zinapokutana, ndipo mgongo wa mtu aliyeanguka hupenda kuvunjika, kama fimbo inavyovunjika mahali ulipoishikilia. Na ni hapohapo, kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiunoni, uti wenyewe wa fahamu unapoishia na kugawanyika kuwa nyuzi nyingi zinazoshuka miguuni na kwenye kibofu. Kipande cha mfupa kikirudi nyuma sentimita moja tu, maisha ya mtu yamebadilika.

Wale mnaodhani ni ajali za pikipiki tu zinazovunja migongo, KCMC Moshi walifanya uchunguzi wa majeruhi wa uti wa mgongo kaskazini mashariki mwa nchi, ukachapishwa 2017: kuanguka kuliongoza, ajali za barabarani zikafuata. Tunapiga kelele kuhusu bodaboda (na tupige), lakini mwembe, mzinga wa nyuki na lori la magunia havina trafiki wa kuvisimamisha.

Basi, rufaa. Hospitali kubwa aliyopelekwa sitaitaja, kwa sababu waliomhudumia walifanya walichoweza na wengine walifanya zaidi. Alilala wiki tano kabla ya kupasuliwa. Wiki tatu za kwanza zilikuwa zetu: tunatafuta fedha. Nikiwaambia bei kwa shilingi mtasahau, kwa hiyo nawaambia kwa lugha ya kwetu. Vyuma vilikula madume mawili ya kulimia na mtamba mmoja aliyekuwa amebakiza miezi miwili kuzaa. Bima hakuwa nayo. Wiki mbili zilizofuata hazikuwa zetu. Fedha ipo, daktari yupo, mgonjwa yupo, ila "seti haijafika".

Neno hilo, seti, nilikuwa silielewi. Nilidhani vyuma ni kama dawa, unakwenda dirishani unachukua. Kumbe vinakuja kwenye sanduku la bati, kubwa kama la mwanafunzi wa bweni, linaloazimwa kutoka kwa msambazaji. Ndani kuna skrubu za unene na urefu tofauti, nondo fupi na ndefu, nati za kufungia, na vifaa vya kuvifungia: vya kutobolea, vya kupapasia tundu, vya kukunjia nondo, bisibisi. Daktari anachagua saizi mgonjwa akiwa tayari amelala kifudifudi, wazi. Zilizotumika zinalipiwa, sanduku linarudi, linaoshwa, linakwenda hospitali nyingine. Sanduku moja linaweza kuwa linasubiriwa na wagonjwa wa mikoa kadhaa, na wewe unasubiri kama abiria wa basi ambalo hujui limeharibika wapi.

Alipasuliwa. Skrubu nne, nondo mbili. Januari 2020 alikuwa anatembea kwa fimbo na tukachinja mbuzi. Mimi nilipata kazi gazetini mwaka huohuo, nikahamia Sinza, nikasahau. Ndivyo tulivyo. Mgonjwa akipona tunafunga faili.

Desemba 2023 nilitumwa Katesh. Mnakumbuka. Jumapili ya tarehe 3, mlima Hanang ukateremsha tope, magogo na mawe juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Jorodom na Gendabi, watu zaidi ya 80 wakafariki. Sitaki kurudia niliyoyaona, niliyaandika wakati ule. Ninachotaka kusema ni kwamba nilitazama watu wakibebwa kutoka kwenye tope juu ya milango iliyong'oka, wamelazwa wameenyooka, na nikakumbuka ile Noah. Mwokoaji mmoja wa jeshi alikuwa anapiga kelele, "Usimkunje! Usimkunje mgongo!" Nikaondoka pale nikajifanya napiga simu.

Nilipomaliza kazi nikaomba siku mbili, nikaenda Basotu. Mjomba alinipokea amesimama, lakini ameinamia kushoto kama nguzo ya uzio iliyolegea. Nikamwuliza, mjomba, umeanza lini kusimama hivyo?

"Tangu kilime cha mwaka jana," akasema. "Nilikuwa nanyanyua ndoo ya maji. Nikasikia ta! Nikadhani ni ndoo."

Mwaka mzima, na hakutuambia. Aliona tumeshauza ng'ombe wa kutosha.

Tukampiga picha. Nondo ya kushoto ilikuwa imekatika vipande viwili, safi kabisa, kama imekatwa na msumeno. Mimi nikachukia. Nilikwisha kuandika kichwa cha habari kichwani mwangu: vyuma feki vyauzwa mahospitalini. Nilikuwa na hasira ya kutosha kurasa mbili.

Bahati yangu, kabla ya kuandika nilikwenda kumwona kijana mmoja Dar, tulisoma naye sekondari, sasa ni mhandisi wa vifaa tiba. Tukakaa kibandani Mwenge kwa chipsi mayai. Nikamwonyesha picha kwenye simu, nikamwambia, kaka, hiki ni chuma cha Kichina cha bei poa, si ndiyo? Akatazama muda mrefu.

"Wewe una uhakika gani chuma ndicho kilichoshindwa?"

Akachukua chipsi mbili nene, akaziweka moja juu ya nyingine, akachoma kijiti cha meno kwenye kila moja, kisha akalaza kijiti cha tatu kuunganisha vichwa vya vile viwili. Hiyo ndiyo kazi nzima, akasema. Pingili ya juu ya iliyovunjika, pingili ya chini yake, skrubu kwenye kila moja, kulia na kushoto, na nondo inayozishika zisisogee. Iliyovunjika inabaki katikati inapumzika.

Skrubu haipigwi popote. Kila pingili ina shingo mbili za mfupa, kulia na kushoto, zinazounganisha sehemu nene ya mbele na mbawa za nyuma. Skrubu inapita ndani ya shingo hiyo kutoka nyuma kwenda mbele. Kiunoni skrubu ya kawaida ina unene wa milimita 6 hivi na urefu wa milimita 40 hadi 50, na shingo yenyewe haiachi nafasi kubwa. Ukikosea kuelekea ndani, uko kwenye neva. Ukipitiliza mbele, unakutana na mshipa mkubwa wa damu. Mtu aliyeanza kupitishia skrubu njia hiyo kwa mpango ni Mfaransa, Raymond Roy-Camille, Paris mwaka 1963, akizifunga kwenye sahani za chuma.

Kabla yake watu walihangaika sana. Mwaka 1891 huko Texas daktari Berthold Hadra alifunga pingili za shingo kwa waya, kama unavyofunga boriti za banda. Miaka ya 1950 Paul Harrington, Houston, alikuwa na watoto waliopindishwa migongo na polio, akabuni nondo yenye kulabu juu na chini, unainyoosha kama jeki. Watoto wake walinyooka, lakini walilazimika kukaa ndani ya hogo la kiwiliwili kwa miezi.

Hapo rafiki yangu akaniuliza kama namjua Luque. Simjui.

Eduardo Luque alikuwa daktari wa Mexico City. Miaka ya 1970 alikuwa na watoto wa maskini wenye migongo iliyopinda, na tatizo lake halikuwa mgongo, lilikuwa hogo. Joto lile mtoto hawezi kukaa ndani ya hogo miezi sita. Na mama yake anatoka mbali, hana nauli ya kumrudisha kila mwezi kliniki. Basi Luque akaanza kubuni kutoka kwenye nauli. Akatengeneza nondo mbili zenye umbo la L, akazifunga kwa waya kwenye kila pingili, nyingi, ili mzigo ugawanyike na mtoto aweze kunyanyuka bila hogo. Ilikuwa na hatari zake, maana waya unapita karibu mno na uti. Lakini dunia nzima ikaiga, matajiri wakiwemo.

Nikaacha kula. Kwa sababu mimi siku zote nilidhani kifaa hubuniwa maabara na watu wenye makoti meupe, kisha sisi tunaletewa kilichobaki. Huyu alianzia kwa mgonjwa asiyerudi kliniki. Mgonjwa asiyerudi kliniki ni mjomba wangu.

"Sasa," akasema rafiki yangu, "hii nondo ilibuniwa kwa ajili ya nani?"

Akanieleza jinsi zinavyopimwa kabla ya kuuzwa. Kuna kipimo cha kimataifa: skrubu zinafungwa kwenye vipande viwili vya plastiki ngumu badala ya mifupa, katikati pametupwa wazi kama vile pingili haipo, halafu mashine inabonyeza na kuachia, inabonyeza na kuachia, mara milioni 5. Ikifika hapo bila kukatika, imefaulu. Kwa nini milioni 5? Piga hesabu: mtu anayetembea hatua 7,000 kwa siku, kwa siku 730, anafika milioni 5 na ushee. Miaka miwili. Ndani ya miaka miwili mfupa unatarajiwa uwe umeungana, na ukishaungana wenyewe unabeba mzigo, chuma kinabaki abiria.

Kwa hiyo ni mbio, kati ya mfupa na chuma. Mfupa ukifika kwanza, umepona. Usipofika, chuma chochote duniani kitakatika. Cha Kichina, cha Kijerumani, cha Kimarekani. Ni suala la lini tu.

Hatua 7,000! Mjomba wangu kwenda kunywesha ng'ombe na kurudi ni zaidi ya hapo, tena kupanda na kushuka. Anakamua amechuchumaa. Choo chake ni cha shimo, anachuchumaa. Anaketi kwenye kigoda kilicho shubiri moja kutoka ardhini. Analima na jembe la ng'ombe, linalomvuta mbele na pembeni siku nzima. Karatasi aliyopewa akitoka hospitali ilisema "aepuke kazi nzito", na niliisoma mimi mwenyewe kwa sauti mbele ya shangazi, yaani mkewe, naye akauliza kwa upole kabisa: "Sasa nani atalima?" Hakuna aliyelima badala yake. Mimi nilikuwa Sinza.

Hapo kichwa changu cha habari kikafa. Na ninakiri kiliniuma kidogo, kilikuwa kizuri.

Kuna watu wanaobuni hivyo hata leo, wakianzia kwa mgonjwa wa aina yetu, na hatuwaandiki vya kutosha. Lewis Zirkle, daktari wa mifupa Mmarekani aliyewahi kuhudumu Vietnam wakati wa vita, alianzisha shirika la SIGN mwaka 1999, linalotengeneza misumari ya mfupa wa paja na ugoko ambayo daktari anaweza kuifunga bila ule mtambo wa eksirei wa chumba cha upasuaji. Msumari una matundu ya skrubu, na kwa kawaida unahitaji picha kuyaona ukiwa nje. Yeye akabuni mkono wa kuelekezea na kijiti cha kupapasia, daktari anahisi tundu kwa vidole. Hospitali inapewa bure, inatakiwa tu ipeleke picha za mgonjwa, na kwa kila msumari uliotumika inarudishiwa mwingine. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ni kati ya wanaoitumia sana. Fikirini hiyo: sanduku halisubiriwi na mtu.

Na pale Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf alilinganisha vifaa vya kuteremshia maji ya kichwa kwa watoto, kimoja cha India cha dola 35 na kingine cha dola 650. Matokeo yakachapishwa 2005: hakukuwa na tofauti ya maana kwa watoto. Kwa hiyo yule anayekuambia bei ndiyo ubora, mwulize ana hisa wapi.

Hata kwetu Mbulu hadithi hiyo ipo. Mwaka 2006 daktari wa ubongo kutoka Marekani, mzaliwa wa Sri Lanka, Dilan Ellegala, alifika Haydom. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na madaktari wa upasuaji wa ubongo watatu. Hakuwa na msumeno wa fuvu. Akamwona mtu anakata matawi kwa msumeno wa waya, akaununua, ukachemshwa, ukaingia chumba cha upasuaji. Baadaye akamfundisha daktari msaidizi wa palepale, Emmanuel Mayegga, kufanya upasuaji huo mwenyewe, naye Mayegga akamfundisha mwingine. Wazungu wakaandika kitabu. Nilipoisoma habari hiyo sikufikiria ushujaa wa mtu yeyote, nilifikiria tu kwamba waya wa kukatia matawi ungemwokoa mjomba kupanda mti. Akili ya mtu ina mambo yake.

(Na kabla hamjaanza kudhani kila mgongo unataka chuma: wengi wa wale wenye vibiongo mnaowaona vijijini kwetu waliugua kifua kikuu cha mgongo utotoni. Kinakula pingili kutoka ndani hadi inaanguka. Huko dawa ni vidonge, mapema, na maziwa yaliyochemshwa, maana kifua kikuu cha ng'ombe nacho kinapita kwenye maziwa mabichi. Nyumbani kwetu tuliyanywa mabichi. Bibi alikuwa na kibiongo na sisi wajukuu tulikuwa tunakiiga tukicheza. Mungu atusamehe.)

Turudi kwenye bisibisi.

Mjomba alikataa kupasuliwa tena. Alisema mahindi kwanza. Baada ya mahindi, ngano. Baada ya ngano, harusi ya binti. Mavuno mawili yakapita hivyo, hadi mwaka huu maumivu yalipoanza kushuka mguu wa kushoto na akashindwa kulala. Ndipo akanipigia yeye mwenyewe. "Mwanangu, njoo unichukue." Hajawahi kuniomba kitu maishani.

Daktari wa sasa, mtu mpole mwenye maneno machache, alitazama picha akasema kazi inawezekana: atoe nondo, aweke mpya nene zaidi, achukue mfupa kidogo nyongani aupandikize ili safari hii mfupa ushinde mbio. Kisha akauliza: "Hivi vyuma ni vya kampuni gani?"

Kwa nini? Kwa sababu kila kampuni ina kichwa chake cha nati. Mmoja ana pembe sita, mwingine nyota, mwingine nyota ndogo zaidi. Nati ya gari unaweza kuifungua kwa spana ya fundi yeyote Gerezani. Nati ya mgongo inataka bisibisi ya aliyeitengeneza. Usipokuwa nayo unakata nondo kwa nguvu ndani ya mwili wa mtu, na vumbi la chuma linabaki kwenye nyama. Sikutaka kusikia zaidi. Huu ndio ubunifu unaonikera mpaka leo. Mtu alikaa mezani akaamua nati yake isifunguke kwa bisibisi ya jirani yake, na hakumfikiria mjomba.

Karatasi ya kutoka hospitali 2019 ilisema: amefungwa vyuma mgongoni, hali nzuri. Basi. Skrubu za kwenye sanduku haziji kila moja na kibandiko chake, kwa hiyo faili nalo halikuwa na kitu. Kilichobaki ni risiti ya msambazaji. Na risiti niliishika mimi, familia ilinikabidhi karatasi zote kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Nimehama vyumba mara tatu tangu hapo. Niligeuza kila begi, kila kitabu, nikapata karatasi za semina nilizozihudhuria kwa ajili ya posho. Risiti hakuna. Duka lenyewe lilikwisha kufungwa, pale sasa wanauza simu.

Nikakaa kitandani nikijiona mjinga. Mwandishi wa habari, kazi yangu kutunza karatasi za watu.

Aliyetuokoa ni yule rafiki wa chipsi. Alisema vyuma vina sura, kama magari. Ukiona taa za nyuma usiku unajua hii ni ya nani. Tukampelekea mpasuaji mmoja anayemfahamu ile picha ya eksirei, akatazama umbo la kichwa cha skrubu, mapindo ya nyuzi zake, ncha yake, akasema ni moja ya mbili. Wiki tatu zilikwenda kuwashawishi wasambazaji wawili waazime bisibisi bila kununuliwa kitu. Mmoja alidhani mimi ni tapeli. Wa pili alicheka, akasema chukua, urudishe safi.

Siku ya upasuaji zilichemshwa zote mbili. Mimi na shangazi tulikaa kwenye benchi la nje. Yeye alileta viazi vya kuchemsha, hakula hata kimoja. Saa ya pili muuguzi akatoka akapita bila kututazama, moyo ukanishuka. Saa ya nne akatoka daktari mwenyewe.

"Ya kwanza iligoma," akasema. "Ya pili iliingia."

Akaniita pembeni akanionyesha nondo, vipande viwili kwenye gozi. Nilipokatika palikuwa na alama mbili: sehemu kubwa laini, yenye mistari midogo kama mchanga wa ufukweni maji yakishakupwa, na sehemu ndogo ya mwisho iliyokwaruza. Mistari ile ni ufa ukitembea kidogo kidogo, labda miezi. Sehemu iliyokwaruza ndiyo ile ta! ya ndoo. Na mistari yote ilianzia mahali pamoja, kwenye kovu dogo juu ya nondo, lililoachwa na kifaa cha kukunjia siku ya kwanza. Nondo lazima ikunjwe ifuate mgongo. Hakuna wa kulaumiwa. Titani haipendi makovu tu, hilo ndilo umbile lake.

Niliomba nipewe vipande. Mjomba akasema hapana, ni vyake, vimegharimu madume mawili na mtamba. Vimefungwa kwenye kitambaa pamoja na hati ya shamba.

Sasa yuko kwetu Dongobesh kwa mama, kwa sababu kwake Basotu hakuna wa kumzuia. Shangazi amehamia naye. Mtoto wa jirani analipwa kulima na kunywesha ng'ombe, mimi ndiye ninayelipa, kila mwezi, kwa simu, mpaka mwaka wa pili uishe. Fundi seremala ametengeneza kiti cha choo cha mbao chenye tundu na kigoda kirefu cha kukamulia, ingawa ng'ombe hakubali, anaona mkamuaji amekaa juu mno, anapiga teke.

Bahasha ya eksirei nimeichukua mimi. Kabla ya kuondoka hospitalini nilimwomba daktari aniandikie, naye akaandika juu ya bahasha kwa kalamu nene: jina la kampuni, unene wa skrubu, urefu wa kila moja, unene wa nondo mpya, na aina ya bisibisi. Nimeipiga picha nne, nimemtumia mama, shangazi, binti aliyeolewa na yule rafiki wa chipsi. Ya karatasi iko juu ya kabati langu hapa Sinza, ndani ya mfuko wa nailoni, panya wasiifikie.